Nilivyozipeleka Picha Zetu Msuka

Nilikwenda Msuka kwa sababu ya ubishi, na ubishi wenyewe niliuanza mie. Nasema mapema, ili mtu wa Jadida, mtaani kwetu Wete, akisoma haya asije akaniambia nimeficha.

Sisi wapiga picha wa Wete si watu wa studio. Mwenye studio yuko, watu wanakwenda kwake, wanakalishwa kitini, wanapigwa, wanaondoka. Sisi tunapiga kwa mapenzi tu. Mwalimu Faki anasomesha skuli. Bwana Jivan ana duka, na nyuma ya duka ana chumba cha giza anachosafishia picha zetu. Mie ni fundi baiskeli. Chuo cha Kurani nilifika juzuu ya pili nikatoka kwenda kubeba magunia bandarini, nikawa hamali mpaka nikanunua baiskeli yangu ya kwanza, nikaikodisha. Leo baiskeli za kukodi Jadida nyingi ni zangu. Hakuna aliyenishika mkono.

Kila Ijumaa baada ya sala ya Alasiri tunakaa barazani kwa Bwana Jivan. Kila mtu anaweka picha yake juu ya mkeka na wenzake wanasema wanachokiona. Mwenye picha hafungui mdomo mpaka wote wamalize. Hilo ndilo sharti letu, na kwangu mie ni gumu kuliko kufunga.

Msuka nako, kijiji cha pwani kaskazini ya Wete, tunao wenzetu. Mkubwa wao ni Kombo Hamadi, mvuvi na mkulima, kamera yake aliinunua Tanga. Anayekwenda huko hubeba picha zetu, na anayekuja huku hubeba zao. Hatuandikiani. Maneno yanabebwa mdomoni, na aliyeyabeba lazima ayafikishe kama yalivyosemwa, hata yakiwa yanamuuma yeye. Na jina la mwenye picha halitajwi mpaka watu wameshasema.

Basi Ijumaa ile niliweka picha ya wachumaji karafuu. Mmoja yuko juu ya mti, wawili wako chini na mapakacha. Wote niliwavisha kanzu nyeupe na kofia za kushona, nguo ambazo wenyewe walizikimbilia majumbani kwa furaha nilipowaambia. Picha imetulia, imewaka kama fedha. Nikajiambia leo watanyamaza.

Mwalimu Faki akaishika. "Mzee Shaame, hii ni karafuu au ni Idd?"

Bwana Jivan akasogeza miwani. "Picha safi. Lakini mimi sioni watu wanaochuma. Naona watu watatu wanangoja biriani."

Baraza zima likacheka. Mie kimya, sharti ni sharti, lakini masikio yalikuwa yanachemka. Zamu yangu ilipofika nikawaambia, "Nyinyi hamjui matambara, ndiyo maana mnayataka kwenye picha. Mie nimeyavaa. Siwezi kumpiga mtu picha na shuka lake la kazi, likaonekana mpaka kiama. Zipelekwe Msuka picha hizi. Nazipeleka mwenyewe. Wale ni wachumaji na wavuvi. Nao wakisema kama nyinyi, kamera yangu naiuza."

"Unaiuza kweli?" akauliza Mwalimu.

"Nimesema."

Jumatatu asubuhi, baada ya chai na boflo, nilizifunga picha kwenye bati la biskuti, nikaliviringisha kitambaa cha mafuta lisiingie maji, nikalikaza kwenye keria ya baiskeli. Kamera begani, halua ya Wete kwenye mfuko kwa ajili ya wenyeji wangu. Wapo waliosema mtu wa umri wangu apande gari ya abiria. Nikawaambia mwenye baiskeli akipanda gari anatukana kazi yake. Nikapiga pedali.

Njia ya kwenda Konde ina vilima, na mvua ya usiku ilikuwa imeuacha udongo mwekundu unateleza kama sabuni. Mikarafuu kushoto, mikarafuu kulia, na harufu ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, yaliyoanikwa nyumba hata nyumba. Moyo ulikuwa mwepesi. Kila kilima nilichokimaliza nilijiambia, Msuka watakapoiona picha hii, Mwalimu Faki atakula maneno yake pamoja na kofia.

Konde nilifika jua limepanda. Nikakaa kwa muuza kahawa, na yeye akaliona bati. "Umebeba nini, mzee, dhahabu?" Nikamfungulia. Alizipitia moja moja kwa vidole vyenye tende, na kila moja nikamnyang'anya nikaifuta. Alipoifikia ya wachumaji akasimama. "Hebu. Huyu wa juu ya mti si Juma wa Kizimbani? Lini kawa kadhi?"

Nikalipa kahawa yangu nikaondoka. Picha hazikupelekwa Konde, kwa hivyo maneno ya Konde sikuyabeba.

Kutoka Konde njia ikawa mchanga, na mahali pengi ni mie niliyeibeba baiskeli badala ya yenyewe kunibeba. Adhuhuri nikasali njiani. Nilipoanza kuona nyavu zimetandazwa juu ya miti nikajua nimefika Msuka.

Kombo Hamadi alinipokea kwa mikono miwili. Maji ya kuoga, muhogo na papa, kahawa, na halua ikaingizwa ndani kwa wanawake. Baada ya Alasiri baraza lake likajaa. Akatandika mkeka, nikazipanga picha, nikakaa pembeni na mdomo wangu nimeufunga.

Msuka wana utaratibu wao ambao sisi Wete hatuna. Wanaume wakishasema, picha inapitishwa chini ya pazia la mlango, inaingia ndani kwa wanawake, na maneno ya wanawake yanatoka kwa sauti. Humo ndani alikuwamo Bi Mize, mama yake Kombo, na kundi la wanawake wa jirani. Nilizisikia bangili kabla sijasikia maneno.

Ya kwanza ilikuwa picha ya Mwalimu Faki, paka kalala juu ya madaftari ya wanafunzi. Wanaume wakasifu manyoya yake, yanaonekana moja moja. Ikaingia ndani. Kicheko. Sauti ya mwanamke ikasema, "Mwambieni mwenye picha paka huyu ndiye aliyesoma kuliko wote hapo."

Ya Bwana Jivan ilikuwa mitungi ya achari iliyopangwa juani juu ya ukuta wa uwani kwake. Ndani wakaijadili mpaka nikadhani hawatairudisha. Wengine wanasema ni embe, wengine ndimu. Mmoja akasema mitungi ile ya pembeni haikufunikwa vizuri, itaingia wadudu, na mwenye picha aende akaifunike kabla hajapiga nyingine.

Nilikuwa nacheka na mie. Halafu Kombo akainyanyua ya wachumaji.

Akaitazama kwa muda mrefu. Akampa jirani yake, mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe, na yule mzee akasema, "Hawa wanakwenda kuoa. Bwana arusi ni yule aliyepanda juu, anakimbia mahari."

Baraza likaanguka kwa kicheko. Mie nikakodolea macho kidole changu cha mguu. Picha ikapita chini ya pazia. Ndani pakawa kimya. Nilipenda kile kimya. Nikajiambia, sasa, wanawake wanajua nguo nzuri.

Sauti ya Bi Mize ikatoka, nzito, ya mtu asiyekuwa na haraka. "Wameyashika matawi kama yatawachafua. Mchumaji haogopi mti. Aliyepiga picha hii anawaonea haya watu wake."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Halafu akauliza, "Mgeni wetu mbona kanyamaza?"

Kombo akasema, "Mama, mwenye picha haruhusiwi kusema mpaka watu wamalize."

"Nimemuuliza mgeni. Nani kamuuliza mwenye picha?"

Hapo hata pazia lilitikisika kwa vicheko. Kombo akanigeukia, akasema watu wamekwisha, niseme. Nikasema. Nikawaambia nilikuwa hamali, nimevaa shuka lenye matundu mpaka watu wananipita kama wanapita nguzo, na siku nilipovaa kanzu ndiyo siku waliyonitolea salamu. "Kwa hivyo, Bi Mize, mie nikimvisha mtu kanzu namheshimu."

"Umesema vizuri, baba," akajibu. "Lakini kanzu anavaa kila mtu. Anavaa mvivu, anavaa mwizi. Nikiitazama hii nitamjuaje aliyefanya kazi? Mie nikiwatazama wanangu wanarudi pwani na mashuka yaliyolowa, hapo ndipo nawaheshimu. Kanzu ni ya Mungu na sherehe."

Nilikula cha jioni bila kuhisi ladha. Kamera ilikuwa imeshakwenda, na aliyeipeleka ni ulimi wangu.

Jumanne asubuhi kijiji kizima kilikuwa kinakwenda upande mmoja. Kulikuwa na mtumbwi mpya umechongwa shambani, nao siku ile ulikuwa unavutwa kupelekwa pwani. Nikamfuata Kombo na kamera yangu, nikisema nipige zangu za mwisho. Mtumbwi ule ulikuwa mkubwa, bado mweupe wa kuchongwa, unanuka mbao mbichi. Wameufunga kamba za usumba na kuutandikia magogo chini, wanavuta, haondoki mtu wala chombo. Kila mtu anavuta kwa wakati wake. Nikawatazama, nikawatazama tena, nikashindwa kuvumilia.

"Nyinyi mnavuta kama mnaokuna nazi," nikawaambia. "Nani anayetoa sauti hapa?"

"Toa weye," akasema yule mzee wa ndevu nyeupe.

Nikampa Kombo kamera anishikie. Nikavua kanzu, nikakaza shuka, nikaishika kamba ya mbele nikaitia begani palepale palipokuwa na sugu ya magunia. Nikatoa sauti ya bandarini. "Harambee!" Wakaitikia, "Hee!" Mara ya kwanza mtumbwi ukatingishika. Mara ya pili ukapanda gogo. Mara ya tatu ukaondoka, na ukishaondoka hautaki tena kusimama. Wanawake nyuma wanapiga vigelegele, wanaume wanahamisha magogo mbio mbio, mie nimeshika mbele napiga kelele kama niliyelipwa kwa kelele. Jasho linanitoka, matope mpaka magotini, shuka limechanika ubavuni. Wallahi sijafurahi vile tangu nilipokuwa kijana. Mtumbwi ulipogusa maji nilikaa mchangani nacheka peke yangu.

Kombo akaja akanirudishia kamera. "Nimekupiga."

"Umenipiga nini?"

"Picha. Kamba begani, mdomo wazi."

Kicheko kikanikauka. Wete wote wanajua nilikuwa hamali, lakini kujua na kuona ni mambo mawili. Nikamwambia hakuwa na ruhusa. Akainua mabega. "Kamera yako, filamu yako. Hutaki, ifungue juani hapa hapa, iungue, mambo yaishe."

Jumatano nikaanza kurudi. Baada ya Konde nilisimama juu ya kilima kimoja, nikaishika kamera, kidole juu ya kifungo cha mlango wake. Nikiufungua tu, jua linakula filamu yote. Na maneno ya Bi Mize pia yalikuwa mikononi mwangu, kwa sababu nani wa Wete angejua alichosema? Ningeweza kuwaambia Msuka wameisifu kanzu. Nilisimama pale mpaka mwenye punda akanipita akaniuliza kama baiskeli imeharibika. Nikamwambia haijaharibika, hii kaitengeneza fundi Shaame. Nikapanda nikaondoka, mlango wa kamera umefungwa.

Jadida niliingia nimeiva kwa vumbi. Filamu nikampa Bwana Jivan bila kusema lolote.

Ijumaa baada ya Alasiri niliwafikishia maneno yao. Mwalimu akafurahi kuhusu paka wake, na Bwana Jivan akamwita mtu akaangalie mitungi. Halafu nikayatoa yangu, yote, la bwana arusi na la matawi na la kuonea haya watu wangu. Nikayasema kama Bi Mize alivyoyasema, mpaka uzito wa sauti. Bwana Jivan akaingia ndani, akarudi na picha mbichi bado imejikunja, akaiweka juu ya mkeka mbele ya watu. Mie sikuizuia.

Mwalimu Faki aliiinamia. "Huyu ni Mzee Shaame?" Akaiinua karibu na macho. "Kamba hii inavutwa kweli." Halafu akaongeza, "Ndiyo picha bora iliyowahi kulala kwenye mkeka huu, na aliyeipiga si weye."

Wakacheka, nikacheka na mie. Nikaivua kamera begani nikamuuzia Mwalimu palepale, maana neno langu ni neno langu. Jumamosi asubuhi nikanunua nyingine dukani kwa Bwana Jivan. Niliahidi kuuza. Sikuahidi kutonunua.

Nilichojifunza Msuka ni kwamba nilikuwa naificha kazi iliyonifanya mtu, halafu najisifu kuwa sikusaidiwa na yeyote. Nimesaidiwa na bega langu, na bega lenyewe nilikuwa sitaki lionekane.

Jumatatu yake nikateremka bandarini, mahali ambapo sikuwahi kufungua kamera. Mahamali walikuwa wanapakia karafuu. Mmoja wao aliponiona akaliweka gunia chini haraka. "Ngoja, mzee, tukavae."

Nikamwita, nikampa picha yangu. Akaitazama, akanitazama mie na kanzu yangu, akawaita wenzake. Wakazunguka. "Kumbe bega analo," akasema mmoja. "Siku hizi limelala kwenye pamba."

"Lijaribuni," nikasema.

Wakacheka, wakarudi kwenye magunia yao vilevile walivyo, mashuka na jasho, na yule wa kwanza aliponipita na gunia mgongoni akanyanyua uso mwenyewe akaitazama kamera.