Saa Tano za Kufika Dubai

Kutoka Nairobi hadi Dubai ni kilomita elfu tatu mia tano na ushei, saa tano angani. Hesabu hiyo dada yangu Nasike aliikariri mwaka mzima akiuza sukuma wiki mtaani Silanga, macho yaliyovimba ameyafunika kwa leso. Mumewe, Khamala, ni fundi wa mawe, na mkono wake haujui likizo. Alishamvunja Nasike mbavu mbili. Pasipoti tuliificha kwangu Kawangware, ndani ya mkebe wa unga, nami nilimwambia wazi: ukirudi kwa huyo mtu tena, usinijue.

Siku yenyewe ya safari aliondoka kwangu alfajiri. Ndege ilikuwa ya saa nne asubuhi. Saa moja Khamala akafika na nyundo yake ya kazi, akaupiga mlango teke ukang'oka.

"Shemeji, bibi yangu ako wapi?"

"Uliza hiyo nyundo," nikamjibu. Mdomo wangu hauna breki.

Akanipiga kwa mpini, taya likavunjika. Nikaanguka kando ya jiko, meno mawili kiganjani. Akaniruka, akalivuta pazia linalogawa chumba.

Mama yetu alikuwa ameketi kitandani. Alikuja kutoka Bungoma wiki hiyo kumuaga Nasike, na sasa alikaa kichwa wazi, miguu ameinyoosha. Kwetu Wabukusu, mwanamume hatii mguu penye kitanda cha mama mkwe, hata awe mlevi, hata awe muuaji. Khamala akarudi kinyumenyume, macho chini.

"Mama, mwambie atoke."

"Ako chini ya kitanda," Mama akasema. "Ingia umchukue."

Chini ya kitanda kulikuwa na mitungi ya maji tu. Khamala akaketi mlangoni, nyundo magotini, akingoja. Wapangaji wenzangu walijifungia ndani. Eti ni mambo ya mtu na bibi yake.

Saa nne ikapita. Nikamwonyesha Mama juu kwa kidole, nikapunga mkono: imeruka, basi. Akatikisa kichwa. Aliamini Khamala akijua, ndege ingeitwa irudi, kama vile mwenye gari anavyompigia dereva wake simu. Hangeinuka mpaka Nasike akanyage Dubai. Ningekuwa na mdomo ningemgombeza, lakini kila nilipojaribu neno ilitoka damu tupu. Tukakaa saa tano zingine, yeye kitandani, mimi sakafuni, Khamala mlangoni. Siku hiyo nilimchukia mama yangu, na ninalisema bila haya.

Saa tisa ujumbe wa Nasike ukaingia kwenye simu ya Mama: Nimefika. Mama akausoma herufi kwa herufi, akajifunga leso kichwani, akatoka nyuma ya pazia.

"Sasa ingia utafute," akamwambia Khamala.

Khamala akapindua kitanda. Alipoona mitungi akaipasua yote, kisha runinga, kisha kioo, akaenda zake. Maji yalisomba damu yangu mpaka uani. Mama akakimbia kutafuta bodaboda ya kunipeleka hospitali.

Nikabaki peke yangu. Simu yangu ikalia, nikaiweka sikioni.

"Risper, nimefika salama," Nasike akasema. "Hajakuja kukusumbua?"

Nikajaribu. Taya likakataa.

"Risper? Mbona huniongeleshi? Umenikasirikia kwa vile nimewaacha?"

Akaanza kulia, akakata simu.