Jeneza la Mpodo

Mama yangu amelala ndani ya mbao za mpodo, mti wa msituni kwetu, na mimi ndiye niliyeamua hivyo. Watu wa kijijini bado wanalisifu lile jeneza. Nikienda nyumbani, kule ng'ambo ya Mafinga ambako nchi inaanza kuporomoka kuelekea mabondeni, hakosi mtu wa kunisimamisha njiani na kuniambia kwamba mwalimu ulimzika mama yako kwa heshima. Huwa naitikia na kupita haraka. Natamani kumkaripia, ingawa masikini hana kosa lolote.

Nilifundisha baiolojia sekondari zaidi ya miaka thelathini, mingi kati ya hiyo Mbeya, na nyumba yangu iko mtaa wa Soweto, hukohuko Mbeya, hadi leo. Nilifundisha vizuri, nalisema hilo bila haya. Kila mwaka nilipofika kwenye uzazi wa mimea nilitumia mfano wa mpapai, kwa sababu hakuna mwanafunzi asiyeujua mpapai dume, ule unaotoa maua tu na kumaliza maji ya watu bure. Nikawaambia iko mimea mingine ya namna hiyo, dume peke yake na jike peke yake. Kisha nikafuta ubao, nikaingia mada inayofuata. Sikumbuki hata siku moja kujiuliza ni mimea gani hiyo mingine.

Nilikulia kwenye ukungu. Nilipokuwa mdogo, bonde lote chini ya nyumba yetu lilikuwa msitu, na si pori kama la kule Idodi, ambako kiangazi majani yanapukutika na jua linachoma mpaka chini. Msitu wetu ulikuwa mbichi mwaka mzima. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka bondeni ukakaa humo, na hata siku isiyo na mvua miti ilidondosha maji, ukipita chini unalowa mabega. Magogo yalivaa ukoga mnene wa kijani. Matawini zilining'inia ndevu za kijivu, na kijitoni mivengi, ile mizambarau ya msituni, ilisimama na mizizi yake majini. Tulikula matunda yake mpaka meno yakawa ya zambarau, na mama alijua tulikokuwa bila kutuuliza.

Mipodo ilikuwa mingi. Mbegu yake ni ya kijani, imekaa juu ya kinofu chekundu chenye utamu kidogo. Tulimung'unya kinofu na kutema mbegu. Hatukuuliza imeanguka kutoka mti upi, kwa sababu chini kulikuwa kumejaa.

Nisingependa kumsingizia mtu wa mbali. Msitu ule tuliumaliza sisi wenyewe, kila nyumba upande wake. Kwanza walikuja wapasua mbao kwa ruhusa ya wazee wetu, halafu tukaweka mahindi na viazi, halafu ikaingia paini na kila mtu akawa mkulima wa miti. Mimi nilikuwa shule ya bweni, baadaye chuoni, baadaye kazini, na kila likizo nilikuta bonde limezidi kuwa jeupe. Nililiona, nikasema inasikitisha, nikala viazi vilivyotoka hapohapo.

Ilipofika mama amezeeka, upande wetu ilibaki mipodo miwili tu. Mmoja ulikuwa juu, karibu na njia, mrefu na umenyooka. Wa pili ulikuwa chini kabisa karibu na kijito, umegawanyika mapacha na umeinama. Mama hakuruhusu panga liiguse. Wapasua mbao walikuja wakabembeleza, akawapa uji, akawarudisha. Ule wa bondeni alikuwa akiuita mwenye wageni, maana hondohondo na kima hawakukauka pale. "Leo mwenye wageni amejaza," alikuwa akisema kwenye simu, na mimi nikiwa Soweto nasahihisha mitihani nikaitikia ndiyo mama, nikidhani ni mazungumzo ya mzee anayejitafutia cha kusema.

Mdogo wangu wa kike ndiye aliyebaki naye. Aliachika mapema, akarudi nyumbani, akamtunza mama miaka yote ambayo mimi nilikuwa nakuja Krismasi na kuondoka. Ndiye aliyenipigia simu mchana mmoja kunieleza kwamba mama hayupo tena. Njiani nilishuka Chimala kununua mchele wa msiba, na nakumbuka nilichagua kwa makini sana, nikanusa magunia matatu. Mtoto wa kwanza anataka msiba wa mama yake usemwe vizuri.

Kesho yake asubuhi wazee walikaa uani kupanga maziko. Baba mdogo alisema jeneza si tatizo, mbao za paini zipo kwa jirani, kavu, na fundi anasubiri. Jambo lilikuwa limekwisha. Lakini mimi nilikuwa nimekaa na huzuni yangu na majivuno yangu, na sikujua ipi ni ipi. Nilisimama. Nilisema mama aliipenda mipodo yake maisha yake yote, na paini ni mti wa wageni, wa kutengenezea vijiti na mabanda.

"Mama hazikwi kwenye paini," nikasema. "Atalala kwenye mpodo wake."

Mzee mmoja akaanza kuitikia kwa kichwa, wengine wakafuata. Baba mdogo akaniuliza ukatwe upi. Nilijibu papo hapo, kama mtu anayeulizwa jambo la darasani: ule wa chini, kwa sababu umeinama na una mapacha, na huu wa juu ni mzuri zaidi, ubaki kuwa kumbukumbu. Mdogo wangu alikuwa mlangoni na beseni la mchele mikononi. Alinitazama, akafungua mdomo, kisha akageuka akarudi jikoni. Niliona. Nilidhani amezidiwa na uchungu.

Uliangushwa kabla ya saa sita. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, hauna tunda hata moja, na hondohondo hawakuwapo siku hiyo. Fundi alilalamika kwamba mbao ni mbichi, zinatoa maji, zitapinda. Nilimwambia apigilie hivyo hivyo. Jeneza lilikuwa zito kiasi kwamba wabebaji walibadilishana mara nne kutoka nyumbani hadi makaburini, na mchungaji alisimama njiani akisubiri. Nilijisikia vizuri. Naandika hivi kwa sababu ni kweli: siku niliyomzika mama yangu nilijisikia vizuri.

Mwaka uliofuata nilianza kufikiria kustaafu, nikaona bonde limekaa bure. Nikaweka vibarua wafyeke kule chini ili nipande paini, ile ile niliyoitukana mbele ya wazee. Msimamizi wao alinipigia simu akiwa shambani. Alisema kando ya kile kisiki kuna miche midogo midogo, imefika magotini, imekaa kwa mistari kama ya kupandwa, je, waiache? Nilikuwa kwenye foleni ya kulipia umeme. Nilimwambia afyeke vyote. Jioni akanitumia picha, eneo safi kabisa, nikamshukuru.

Nilipostaafu ndipo nilipokumbuka kuupenda msitu. Watu wa aina yangu ni wengi. Nikajiwekea azma kwamba nitaotesha miche ya mpodo kutoka mti ule uliobaki, nimpandie mama mmoja kaburini na mingine kijitoni, maana kijito chenyewe kilikuwa kimeanza kukatika miezi ya kiangazi. Nilichukua vyandarua viwili vya zamani, nikavishona pamoja, nikavitandika chini ya mti kukinga mbegu. Nilikuja kutoka Mbeya mara kwa mara kuviangalia. Msimu wa kwanza nilikuta vishada vidogo kama vidole vya mtoto, vimekauka, na vumbi la njano. Msimu wa pili hivyo hivyo. Msimu wa tatu chandarua kilikuwa cha njano kotekote na hakuna hata mbegu moja.

Mdogo wangu alikuwa akinikunjia chandarua mvua ikianza na kunitandikia nikirudi.

Msimu ule wa tatu nilikasirika. Nikamwambia kima ndio wanaomaliza mbegu juu kwa juu, na kwamba nitatafuta mtu wa kulinda, au yeye mwenyewe awe anakaa pale na debe la kupiga. Tulikuwa jikoni kwake, anachambua mboga. Aliweka sinia chini.

"Kaka, huo hauzai."

Nikamuuliza hauzai kivipi, mti mzima wenye afya.

"Huo ni dume. Uliokata ndio ulikuwa unazaa. Mama alikuwa anaokota pale, anachomeka mwenyewe pale pale kwenye unyevu. Kila mwaka alikuwa anachomeka. Vile vidogo ulivyosema vifyekwe ndivyo vya kwake."

Kilichonijia kichwani, Mungu anisamehe, ni mpapai. Niliuona ule mchoro wangu ubaoni, dume huku na jike kule, na chaki mkononi mwangu.

Nilimuuliza kwa nini hakusema siku ile.

"Ulikuwa umeshasema wewe," akajibu. "Wazee wamekaa, wewe umesimama unaongea kama mwalimu. Mimi ningesemaje?"

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika. Nilitoka nikashuka mpaka kwenye kisiki, katikati ya paini zangu ambazo sasa zilikuwa zimenipita urefu. Chini ya paini hakuoti kitu. Kuna sindano kavu tu, zimetandikwa rangi moja, na kimya. Nilipiga magoti nikazifukua kwa mikono mwanzo hadi mwisho, nikitafuta mche hata mmoja uliokoswa na fyekeo. Nilipata mizizi iliyooza na chupa ya maji ya vibarua.

Mtu ataniambia mipodo bado ipo duniani. Najua. Ipo kwenye msitu wa hifadhi upande wa mteremko, mwendo wa siku nzima, na nilikwenda kuomba mbegu nikapewa. Zile za kwanza zilikauka kabla sijazifikisha udongoni, kwa sababu mbegu ya mpodo haitaki kuwekwa, inataka kuangukia mahali pake. Mara ya pili nilipewa miche, nikaipanda kijitoni kwa uangalifu wote. Pale ambapo zamani ulikuwa unalowa mabega sasa jua linapiga wazi, na Juni baridi kali inashuka moja kwa moja. Miche ilianza kuungua ncha, halafu shina. Ukungu bado unapanda asubuhi, lakini hakuna cha kuushika, unapita juu ya paini na kwenda zake. Mche wa mwisho nilijidanganya nao wiki mbili baada ya kufa, nikiumwagilia.

Nilifikiri maisha yangu yote kwamba msitu ni kitu kinachokuwepo na mtu anakipunguza. Mama alijua kwamba ule wa kwetu ulikuwa umefikia hatua ya kushikiliwa na mtu mmoja mwenye mgongo unaouma, anayeokota mbegu nane au kumi kwa mwaka na kuzichomeka kwa kidole. Hakunieleza. Labda alinieleza kila aliposema mwenye wageni, na mimi nilikuwa nasahihisha mitihani.

Wageni wenyewe hawaji tena. Hondohondo wawili walikuja mwaka juzi, wakatua kwenye mpodo wa juu, wakazunguka tawi hadi tawi, wakaondoka. Sijawaona tangu hapo.

Mara ya mwisho kwenda nyumbani ilikuwa karibu na mvua. Mdogo wangu hana nguvu siku hizi. Miguu inamvimba, na daktari wa Mafinga amemwambia mambo ambayo ananisimulia nusu nusu. Nilimkuta ameketi uani karibu na kichanja, na vyombo alivyoosha vyote vilikuwa na vumbi la njano. Mti ule wa juu ulikuwa unamwaga. Upepo ukipita, vumbi linatoka kama moshi wa jiko, linashuka bondeni kutafuta kitu ambacho nilikikata, halafu linatua juu ya paini, juu ya bati, juu ya sufuria zake. Nilichukua kitambaa nikaanza kufuta sahani moja moja. Yeye alikuwa akiutazama mti.

"Mimi ukija kunizika," akasema, "tumia paini. Huo uache."

Nilitaka kumwambia kwamba hata ukiachwa hauna kazi tena, kwamba kwa upande wetu huu umekwisha kufa na unachongoja ni kuanguka tu, na kwamba ningemkatia leo hii kama angetaka. Maneno yalikuwa yamejipanga mdomoni, ya kueleweka, ya mwalimu. Nikamtazama, nikayameza.

"Sawa," nikasema, nikaendelea kufuta sahani, na vumbi likaendelea kuzishukia.