Mwalimu Paskalina na shuka ya mume wa mtu

Leo nimemkuta mwalimu amejifunga shuka ya mume wa mtu.

Tulieni, nakuja.

Mwalimu Paskalina ndo mkuu wa chumba cha vichanga pale kituo cha kulelea watoto mchana. Mimi nauza ndizi getini. Shuka ni ya Baba Naisula, mlinzi wa loji. Naijua, ina tundu la moto begani.

Nikapiga simu mbili tatu, nikaingia na ndizi zangu kama nauza.

"Mwalimu, shuka nzuri. Umepewa na nani?"

"Mama Eliza, sauti! Mtoto."

Kumbe mgongoni kuna Naisula, amelala fofofo. Tangu aletwe kituoni ni kulia tu, maziwa hataki.

Mwalimu akaninong'oneza, "Nilimwomba mama yake kitu chenye harufu ya nyumbani. Kaileta mwenyewe."

Nikainusa. Moshi na ng'ombe. Hata mimi nikapiga miayo.

Sasa jamani, niliowapigia, mwalimu hana kosa.

Ila mama mchungaji, niliyempigia wa kwanza, yuko njiani anakuja kumwombea mwalimu, na yule akiomba Karatu nzima inasikia.

Mtoto ndo kwanza amelala. Nani yuko karibu amzuie?