Mguu wa Fundi Milimita Warudi Kazini

Kwa heshima na taadhima, umma wote unatangaziwa kwamba mguu wa kulia wa Fundi Milimita, uliokuwa nje ya kazi kwa karibu miezi mitatu bila ruhusa wala maelezo, umeripoti tena kazini. Hakuna gwaride lililoandaliwa. Hakuna mgeni rasmi. Mwenye mguu, alipoombwa atoe hotuba fupi, alisema: "Sogea, umekanyaga gundi."

Ni kweli, mwandishi alikuwa ameikanyaga.

Ni saa mbili asubuhi, ndani ya bafu la nyumba ambayo bado haina milango. Fundi Milimita amepiga magoti, mwiko mkononi, anachana gundi ya vigae sakafuni kwa upole wa mtu anayechana nywele za bibi harusi. Analaza kigae, anakigonga kwa nyundo ya mpira, anakitegea sikio. Kikilia vizuri anatabasamu. Kikilia vibaya anakibandua na kukiomba radhi.

Jina hilo walimpa mafundi wenzake, kwa sababu hajawahi kukubali kipimo kikubwa zaidi ya hicho. "Sentimita ni za watu wa seng'enge," anasema, na haonekani kutania.

Kila baada ya muda anasimama, anatembea hadi dirishani, anavua kiatu cha kulia, anainua kidole gumba cha mguu juu, anakitazama, anacheka peke yake, kisha anarudi chini kuendelea.

"Usimshangae," anasema fundi bomba anayefunga sinki pembeni, mtu mnene wa maneno mengi ambaye huku kazini wanamwita Koki. "Anasalimiana na kidole. Walikuwa hawasemeshani."

Ilianza na ganzi. Juu ya unyayo, karibu na kidole gumba, fundi alihisi kama amevaa soksi isiyovulika. Akaikuna, akaiosha kwa maji ya moto, akaipuuza. Baada ya wiki mbili unyayo wenyewe ukakataa kuinuka. Akipiga hatua, mguu wa kushoto unatua kistaarabu, wa kulia unajibwaga chini kama daftari lililotupwa mezani.

"Tulikuwa tunamsikia kabla hatujamwona," anasema Koki. "Pa! Pa! Nikamwambia, kaka, siku hizi unatembea kama bata aliyepandishwa cheo."

Fundi alicheka pamoja nao. Akasema ni viatu. Akanunua vingine. Navyo vikapiga pa. Akanunua vya tatu, na vile vya pili akampa Koki, ambaye anavivaa mpaka leo na anasema havina kasoro yoyote.

Lakini usiku wa kicheko hicho fundi hakulala. Kaka yake mkubwa, aliyemfundisha kushika mwiko, alianza vivyo hivyo: mguu mzito, mgongo unalalamika, kila mtu akimwambia apumzike. Ilipokuja kujulikana kuwa ni saratani, ilikuwa imeshakaa sana mwilini mwake bila kubisha hodi.

"Kaka alikuwa na nguvu mara mbili kuliko mimi," anasema fundi, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii mwiko wake unatulia. "Kwa hiyo mimi sikuwa na swali. Nilijua imo humu ndani, imejibanza mahali, inanisubiri."

Alikwenda kupima kimyakimya. Damu haikusema kitu. Picha ya mgongo haikusema kitu. Mtu mwingine angefurahi. Yeye akazidi kuogopa: kama haionekani, basi imejificha kwa ustadi. Akawa anajifungia bafuni na kioo, anajipapasa mwili mzima akitafuta uvimbe, kama mwalimu wa zamu anavyosaka simu bwenini. Chakula kikamshinda. Akapungua kilo nane, na kila kilo iliyoondoka akaihesabu kuwa ushahidi.

Nyumbani hakumwambia mtu. Aliyemfichua ni jiko.

Ieleweke kwamba fundi huyu ametandika vigae kwenye nyumba za watu asizoweza kuzihesabu, lakini jiko la mke wake lilibaki na sakafu ya saruji tangu wahamie. Maboksi ya vigae vilivyobaki huku na kule yamepangwa nyuma ya mlango. Mke akikumbusha, jibu ni moja: mwezi ujao.

Jumapili moja mke wake, ambaye ni mshonaji, alirudi kutoka dukani kwake akamkuta mumewe amepiga magoti jikoni, mistari imenyooka, gundi imekorogwa.

"Moyo wangu ulianguka hapo mlangoni," anasema. "Mume wangu akitandika vigae kwa watu, hiyo ni kazi. Akitandika kwangu bila kusukumwa, kuna jambo."

Mazungumzo yaliyofuata wote wawili wanayakumbuka sawasawa, jambo ambalo si la kawaida katika nyumba hiyo.

"Baba watoto, umefukuzwa kazi?"

"Hapana."

"Una mwanamke?"

"Na mguu huu?"

"Basi unaumwa nini?"

Hapo akaweka mwiko chini, akasema yote: ganzi, kaka yake, kilo, kioo cha bafuni. "Nilitaka nikiondoka," akamalizia, "usibaki na sakafu ya vumbi."

"Uondoke uende wapi," mke akamjibu, "na jiko hujalimaliza?"

Wakacheka, kisha wakalia, kisha wakala, na hicho ndicho kilikuwa chakula cha kwanza cha maana alichokula fundi kwa muda mrefu. Kesho yake mke akamtafutia miadi kwa daktari wa mishipa ya fahamu, Jumatano. Fundi alikubali kwenda kwa sharti moja: aende peke yake. "Nikipewa habari mbaya," alisema, "nataka nizibebe kwanza mwenyewe mpaka nyumbani."

Jumatano ile alifika hospitali na mkoba wake wa kazi begani, kwa sababu alipanga kwamba habari iwe mbaya au nzuri, mchana kuna korido ya mteja inamsubiri. Daktari alikuwa mwanamke kijana, na kitu cha kwanza alichotoa mfukoni kilimfurahisha fundi kupita kiasi.

"Kumbe na wewe una nyundo ya mpira!"

"Yangu ya magoti, mzee. Yako?"

"Ya vigae."

Daktari akagonga goti, akachokonoa unyayo, akamwambia ainue kidole gumba. Kidole hakikusikia. Fundi akaona aokoe muda.

"Mwanangu, usinizungushe. Ni kansa. Niambie tu iko wapi."

"Mzee, kutafuta niachie mimi. Wewe nionyeshe unavyofanya kazi. Sakafu hiyo hapo."

Fundi akamtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Basi akafungua mkoba, akatoa pedi zake za magoti, akazifunga na kuzikaza mpaka akaguna, akapiga magoti, akakalia visigino, akaanza kutandika vigae visivyokuwepo. Chumba kilikuwa kidogo. Alipofika mlangoni hakusimama. Akatambaa mpaka koridoni, na wagonjwa waliokuwa kwenye benchi wakamwinulia miguu apite. Nyuma yake daktari naye anatambaa, koti jeupe linafagia chini, macho yake hayatoki kwenye mguu wa kulia. Mahali fulani fundi akagonga sakafu kwa kucha, akatikisa kichwa.

"Hiki kimelazwa juu ya hewa."

"Simama hapohapo. Usifungue kitu."

Daktari akajaribu kupitisha kidole chini ya mkanda wa pedi, ule unaopita chini kidogo ya goti. Kidole hakikupita. Akausogeza, akabonyeza kwa dole gumba kwenye kifupa cha upande wa nje. Umeme ukakimbia kutoka hapo mpaka kidole gumba cha mguu, na fundi akatamka neno ambalo gazeti hili halina ruhusa ya kulichapisha.

"Mikanda hii umeitoa wapi?"

"Ya dukani ilikatika, nikakata mipira ya tyubu. Hii haitelezi."

"Kabla ya ganzi?"

"Wiki chache kabla."

"Na unaikaza hivi siku zote?"

"Naongeza kidogokidogo. Nimekonda, inalegea."

"Umekonda kwa nini?"

"Sili."

"Huli kwa nini?"

"Kwa sababu ya mguu."

Daktari alibaki amechuchumaa pale koridoni, akamtazama. "Mzee, hebu irudie hiyo polepole, ujisikilize."

Akamweleza kwamba mshipa unaouinua unyayo unapita hapohapo, juu ya mfupa, chini ya ngozi tu, hauna godoro. Mkanda ulikuwa unaunyonga kuanzia asubuhi mpaka jioni, na kukalia visigino kukaukandamiza zaidi. Kile kinyama kidogo kilichokuwa kinaulinda, fundi alikimaliza kwa njaa. Hata hivyo daktari hakutegemea dole gumba lake peke yake. Alimpeleka chumba cha pili, wakaupima mshipa kwa umeme mdogomdogo, akapitia tena karatasi za damu na picha ya mgongo moja baada ya nyingine. Mshipa ulikuwa umebanwa pale pale alipobonyeza.

"Saratani siioni," alisema walipotoka tena koridoni. "Naona mkanda."

"Kwa hiyo sifi?"

"Utakufa, mzee. Ila si kwa mguu huu."

Fundi Milimita aliketi sakafuni, koridoni, mgongo ukutani, akacheka mpaka muuguzi akaja kuuliza kama anahitaji maji. Hakulia. Ameomba jambo hilo liandikwe.

Tiba ilikuwa tyubu kutupwa, kusimama mara kwa mara, mazoezi ya unyayo, na kula. Wiki zikapita. Jioni moja, wakiwa mezani, kidole gumba kikainuka. Kidogo tu, milimita tatu kwa makadirio ya mwenyewe. Mke wake akapiga vigelegele, na majirani wakaja kuuliza nani kajifungua.

Sasa fundi ana kazi mpya ya kujitolea: hapiti kwenye jengo lolote bila kuingiza kidole kwenye mikanda ya mafundi wengine. Wengine wanamshukuru, mmoja alimfukuza na ndoo. Na ana mpango. Mke wake ameanza kushona suruali za kazi zenye mifuko ya sponji kwenye magoti, hazina mkanda wala kamba. Ya kwanza ameivaa yeye, ya pili Koki ameivaa na anakataa kuivua ili ifuliwe.

"Nataka kila fundi anayepiga magoti katika mji huu avae suruali ya mke wangu," anasema fundi, kisha anasikia alichosema. "Usiandike hivyo."

Kuhusu jiko, mke ana taarifa fupi kwa vyombo vya habari: "Amepona, kwa hiyo limesimama nusu. Angeumwa wiki moja zaidi lingeisha."

Kama uandishi mwema unavyotaka, habari hii ilisomwa mbele ya fundi kabla ya kupelekwa gazetini. Alisikiliza akiwa amepiga magoti, akasahihisha vipimo viwili. Ilipofika sehemu ya daktari, akainua mwiko.

"Subiri. Haya nani kakusimulia?"

"Vyanzo vya kuaminika."

"Mama yako hakuwepo. Koki hakuwepo. Na mimi sijamwambia mtu kwamba nilimuuliza daktari kama nitakufa. Wewe Jumatano ile ulikuwa shule."

Hapa mwandishi analazimika kuvua joho. Fundi Milimita ni baba yangu, na Jumatano ile sikuwa shule. Mama alikuwa amenipigia simu kuniambia nisihangaike. Nikahangaika. Nikamwendea matroni nimeshika shavu, nikalia jino kwa kipaji kikubwa, nikapewa ruhusa ya kwenda kwa daktari wa meno. Nilikaa kwenye benchi la korido ile, karibu na mlango wa daktari ulioachwa wazi, mtandio umenifunika mpaka puani, na baba alipokuja anatambaa niliinua miguu kama wengine.

"Mbona hukujitokeza?"

"Ulisema unataka uende peke yako."

Baba alikigeukia kigae ambacho hakikuwa na tatizo lolote, akakigonga mara kadhaa.

"Kwa hiyo pale chini nilipopita, ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Basi sikwenda peke yangu," akasema, akajifuta uso kwa mgongo wa mkono, gundi ikabaki shavuni. Kisha akachota gundi nyingine. "Shule ikifunguliwa Jumatatu nakurudisha mimi mwenyewe. Tutaingia kwa matroni, umweleze hali ya hilo jino."

"Baba, ni kilima kile chote! Tutachukua gari?"

"Gari la nini? Tutatembea."