Rangi ya Malka

Asubuhi ile niliamka Tarasaa nikiwa sina sababu ya kubaki wala ya kuondoka. Duka ambalo nilikuwa nikilala barazani pake lilikuwa limefungwa, mwenyewe kahamia kwa wakwe zake mpaka mvua zirudi. Nikakunja shuka, nikanawa uso kwa maji yaliyobaki kwenye chupa, nikasimama kando ya barabara. Pikapu iliyobeba viti vya plastiki ikapunguza mwendo.

"Unaenda wapi?" dereva akaniuliza.

"Wewe unaenda wapi?"

"Garsen."

"Basi huko huko."

Akacheka, akaniambia nipande nyuma nivishike viti visiruke. Ndivyo nilivyosafiri tangu nilipoacha shule darasa la sita. Nikiona kitu nisichokijua, hukaa hapo mpaka nikijue, kisha hunichosha.

Garsen tulivishusha viti kwenye baraza ya nyumba moja ya kupanga, na hapo nikaona karatasi kubwa kuliko kalenda ya ukutani zikining'inia kwa vibanio vya nguo, kama leso zilizofuliwa. Zilikuwa picha za mto, zimepigwa kutoka juu. Tana ilijikunja ndani ya kila karatasi na mashamba yameishikilia pande zote. Mpima ardhi mmoja, mwanamke mwenye buti zilizojaa vumbi, alikuwa ameinama juu ya printa iliyokuwa ikilia kwa umeme wa jenereta.

"Usiguse," aliniambia bila kugeuka. "Wino haujakauka."

Nilimuuliza aliyezipiga ni nani. Akanieleza, nadhani kwa sababu alikuwa peke yake muda mrefu. Droni yake ilikuwa imeruka juu ya mashamba ya kijiji cha Wema wiki iliyopita. Picha ni zile zile, ila alizichapa mara mbili: kwa printa ya zamani ya ofisini kwao, na kwa hii mpya ambayo alipewa aijaribu. Alitakiwa aseme kama mtu wa kawaida anaweza kuisoma ardhi vizuri zaidi kwa rangi za printa mpya.

"Haya, wewe ni mtu wa kawaida," akasema. "Soma."

Katika karatasi ya zamani niliona kijani kimoja tu, kama mchicha uliochemshwa ukapitiliza. Mwembe, mahindi na kichaka vilikuwa kitu kimoja. Karatasi mpya ilikuwa na kijani cha kila namna, cha jani la mgomba, cha mpunga mchanga, cha chupa ya soda. Ilipendeza mno. Niliwahi kufanya kazi Malindi kwenye studio ya picha za pasipoti, na pale wino mwekundu ukipungua wateja walitoka kijani kama waliokula samaki mbovu. Tangu hapo siziamini rangi. Nikamwambia huenda printa inajitungia.

"Hilo ndilo linaloninyima usingizi," alisema. "Nikisema inasema kweli, na kumbe inasema uongo, watu watagawana ardhi kwa uongo."

Kabla sijamjibu aliingia mama mmoja wa Kiorma, mwuza maziwa, na kibuyu chake kitupu begani. Hakusalimia.

"Madam, iko?" akauliza. "Malka yangu iko?"

Kwa wafugaji wa huku, malka ni njia ya ng'ombe kushukia mtoni kupitia katikati ya mashamba ya Wapokomo. Haina hati wala ua. Baada ya mafuriko makubwa mama huyu alihamisha ng'ombe wake mbali, wakakaa huko misimu kadhaa. Sasa nyika imekauka, amewarudisha, na wakulima wa Wema wanasema pale hapajawahi kuwa na malka. Mchana huo kijiji kingekutana, na pande zote mbili zilikuwa zimekubali kufuata picha. Malka ikikosekana, ng'ombe wangepelekwa kwenye malka nyingine, ya mbali. Nilipomtazama usoni nilijua wasingefika.

Mpima ardhi alimtandazia karatasi zote mbili mezani. Mama akaanza kutafuta kwa kidole, kutoka nyikani kuelekea mto.

"Malka nyeupe," alisema. "Ng'ombe nakanyaga, nyasi nakufa, nabaki nyeupe."

Tulitafuta mstari mweupe sote watatu. Katika karatasi ya zamani haukuwapo. Katika mpya haukuwapo pia. Kidole chake kilikuwa na jasho, na kilipofika mtoni kiliuburuta wino, Tana ikamwagika kando kidogo. Akakitazama kidole.

"Hata mto nakimbia," alisema. "Ng'ombe yangu nalala chini tangu jana. Nainua, nalala tena."

Mpima ardhi aliandika pembeni kwamba wino hauvumilii mkono wenye maji. Aliandika polepole, kama mtu asiyetaka kuinua kichwa.

Viti vilikuwa vya mkutano huo, kwa hiyo tulivipandisha tena kwenye pikapu. Nikakaa nyuma na mama, tumezishika karatasi zisipeperuke. Kabla ya kufika Wema tuliwaona ng'ombe wake. Walikuwa wamesimama karibu na barabara, wote wameelekeza pua upande mmoja, upande wa mto. Kaka yake alikuwa amemshika mmoja mkia akijaribu kumwinua. Mama alimwita kwa Kiorma, yule kaka akatikisa kichwa bila kumwachia ng'ombe.

Mkutano ulikuwa chini ya turubai la buluu lililofungwa kwenye miti minne. Mkulima mwenye shamba lililokuwa likigombaniwa alikaa mbele kabisa, mtu mrefu, mwenye kofia ya ukili na mdomo usiotulia. Kila mama aliposema malka, yeye alisema shamba langu.

"Dada yangu, mimi sina ugomvi na wewe," alisema. "Maziwa yako nakunywa. Lakini nionyeshe. Ulisema picha, picha hizi hapa. Ama malka yenu huonekana mkiwa na kiu tu?"

Watu wakacheka. Karatasi ya zamani ilipita mkono kwa mkono, ikarudi. Hakuna kitu. Mpya ikapita, na hapo nikashangaa, maana ilikuwa imegeuka. Vile vijani vyote vya asubuhi vilikuwa vimekufa, vimekuwa kimoja chenye ubuluu. Nilidhani ni unyevu. Mama alikuwa amejifunika uso kwa ushungi. Mzee aliyeongoza mkutano alikohoa kama anayetaka kufunga maneno.

Mpima ardhi aliitazama karatasi, kisha akatazama juu.

"Hili turubai linaniulia rangi," alisema. "Tutokeni nje."

Tuliitandaza juani, juu ya viti vilivyopangwa, mimi nimeshika pembe moja na yule mkulima nyingine. Jua lilipoipiga, vijani vikarudi kila kimoja mahali pake. Mahindi yakajitenga na miembe. Mama aliinama tena kutafuta weupe wake, na tena hakuuona. Alikuwa ameanza kulia bila sauti. Nilikuwa karibu naye, nikaona tone likianguka karibu na ukingo wa karatasi, nikamsogeza kidogo, na mpaka leo sijui kwa nini niliihurumia karatasi.

Katikati ya shamba la mkulima kulikuwa na utepe wa kijani kikali, kijani cha ile chupa ya soda, ulioanza nyikani ukaenda umejipindapinda hadi mtoni. Kidole cha mpima ardhi kilisimama juu yake.

"Na hiki ni nini?" akauliza. "Umepanda nini hapa?"

"Mimi?" Mkulima alichukizwa. "Hiyo ni mathenge, madam. Huo mti wa miiba. Nani apande mathenge? Hawa ndio walionipandia. Ng'ombe wao hula maganda yake huko nyikani, kisha wanakuja kuninyea shambani, mbegu inaota. Tazama uchafu wenyewe. Mstari mzima, tangu juu mpaka mtoni."

Aliufuata utepe wote kwa kidole chake mwenyewe, kwa hasira, ili sote tuuone.

Mama alishusha ushungi.

"Walikunyea wakienda wapi?" akauliza.

Alianza kucheka mtu mmoja wa nyuma, Mpokomo, kisha wakacheka wengi. Mkulima alibaki ameshika pembe ya karatasi. Alitazama utepe, akatazama shamba lake lilipo. Sisi sote tulikuwa tukitafuta weupe wa kwato, na kwato zilikuwa zimeondoka tangu mafuriko. Malka ilikuwa imeota.

Mzee wa mkutano alisema ikatwe, ifunguliwe. Mpima ardhi aliandika kwamba printa mpya ilisema kweli, ila isomwe juani. Sikumwona akifurahi. Sisi wengine tulichukua mapanga.

Aliyewahi kukata mathenge anajua. Mwiba wake hupita soli ya ndara kama sindano kwenye kitambaa, na tawi ukilikata halianguki, linamshikilia mwenzake. Tulikata mchana wote uliobaki, Waorma kutoka juu, Wapokomo kutoka mtoni, na jua lilipoanza kushuka tulikuwa hatujaonana. Ng'ombe waliletwa hadi mdomo wa njia, wakasimama wakinusa maji wasiyoyaona. Mmoja alipiga magoti. Kaka wa mama hakujaribu tena kumwinua, alimshika pembe tu, akakaa naye chini.

Mama alikuwa akizunguka kwa madumu mawili, anapita mbali nje ya mashamba, maji yanafika nusu. Ng'ombe wa kwanza alimaliza dumu zima kabla wa pili hajageuza kichwa. Nikachukua dumu moja. Tulipozunguka mara ya pili tulimkuta mkulima kwenye ukingo wa mto na madumu yake manne, anayajaza.

"Usinitazame hivyo," alimwambia mama. "Wakifia shambani kwangu, wataota nini tena?"

"Pembe," alisema mama, na akambebesha dumu moja.

Yule aliyepiga magoti hakuyanywa maji. Yalimwagika midomoni mwake, yakaingia ardhini. Wengine tuliwanywesha kidogo kidogo mpaka wakati wa magharibi, na hatukujua kama yangetosha kuwafikisha asubuhi, ambapo tungeanza kukata tena.

Pikapu ilikuwa imesharudi Garsen na viti vyake, mpima ardhi na karatasi zake. Mkulima aliniona nimekaa kwenye gogo nikijitoa miiba miguuni.

"Wewe wa viti, unalala wapi?"

Nilimwambia sijui. Alinitazama kama anayepima kimo cha mlango, kisha akanipeleka kwenye ghala lake, chumba cha udongo chenye magunia machache ya mahindi na mkeka uliokunjwa. Nikautandika karibu na ukuta wa kulia.

"Hapana, hamia huku," alisema, akauvuta mkeka kwa mguu hadi upande wa pili. "Upande huo ni wa malka. Utawasikia ng'ombe mpaka kuche."

Nilihamia. Huko pia walisikika.