Biskuti za Idi Kizuizini

Tangu vita vya shifta, waasi wanaotaka kujitenga, vianze, kila mzigo hufunguliwa kwenye kizuizi cha darajani hapa Garissa. Juzi jioni mbele yangu alikuwa mama mmoja Msomali mwenye mkebe. Ndani mlikuwa na biskuti alizooka mwenyewe kwa ajili ya Idi, zimepakwa chokoleti nyeupe na kunyunyiziwa chembe za rangi.

“Hizi rangi rangi ni nini?” askari aliuliza.

“Sukari, afande. Watoto wanabenda,” alijibu kwa lafudhi yake ya Kisomali.

“Onja moja nione.”

“Siwezi. Nimefunga.”

Askari akarudi nyuma hatua moja, akaishika vizuri bunduki yake. “Mtu anayekataa chakula chake mwenyewe ana lake jambo.”

Mama alikaa chini, mkebe mapajani, akalitazama jua. Adhana ya magharibi iliposikika akala moja taratibu, macho yake usoni mwa askari, kisha akamnyooshea mkebe. “Karibu.”

Askari akachomoa ya chini kabisa.

Nilimcheka moyoni: mtu mzima na bunduki yake anaogopa sukari! Kisha mkebe ukanifikia mimi. Nikaishikilia yangu mkononi hadi nilipomwona askari amemeza na bado amesimama.