Mashavu ya Bibi Arusi wa Zimwi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ufagio, si poda. Ilikuwa studio ya picha mjini Migori, mwanzoni mwa miaka ya tisini, chumba kimoja chenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji ambayo hakuna aliyejua yako nchi gani. Mwenye studio tulimwita Meneja, ingawa watu aliowasimamia walikuwa mpiga picha mmoja na sasa mimi. Aliniangalia nikifagia, kisha akasema, "Wewe nyar Karungu, watu wanakuja hapa na vumbi ya barabara kwa uso. Kazi yako ni kuwatoa hiyo vumbi kabla kamera iwaone."

Nyar Karungu maana yake ni binti wa Karungu, kule ziwani nilikozaliwa. Jina hilo lilinishika miaka yote ya kazi.

Nyinyi wa siku hizi mnajipaka mkijitazama kwenye simu. Sisi tulipaka kwa ajili ya filamu, na filamu ilikuwa na roho mbaya. Taa ya kamera ikiwaka, ngozi nyeusi isiyopakwa mafuta ilitoka na rangi ya majivu, na iliyopakwa mengi iling'aa kama sufuria mpya. Kwanza tuliweka msingi, yaani ile rangi nzito ya chini inayosawazisha uso. Uliouzwa madukani ulikuwa wa watu weupe, kwa hiyo niliuchanganya na kakao na mafuta ya kujipaka mpaka ukafanana na mtu wetu. Kisha kivuli, unga wa mkaa chini ya mfupa wa shavu ili uso upate umbo. Mwisho kujaza. Hapo unaweka pamba ndani ya mdomo, kati ya ufizi na shavu, ili aliyekonda aonekane amenona. Kujaza ndiko kulikoniletea sifa, na ndiko kunakonifanya niandike haya.

Walioomba kujazwa walikuwa wengi. Wakati huo mtu akifanya kazi mjini hakuwaandikia wazazi barua ndefu. Alipigwa picha akamtuma jirani aipeleke nyumbani. Mama akiipokea hakuangalia nguo, aliangalia mashavu. Yakiwa yamejaa, basi mtoto ni mzima. Picha ilikuwa cheti cha afya, na mimi nilikuwa natia sahihi bila kumpima mtu.

Baada ya miaka michache Meneja alifungua tawi Homa Bay akanihamishia huko. Ndipo alipopata wazo la kalenda ya hadithi za mazimwi, ili awauzie wakulima wa miwa kule Awendo. Picha kubwa ingekuwa ya binti aliyekubali kuolewa na zimwi ili kijiji chake kisiliwe. Zimwi alikuwa mwuza nyama wa jirani. Nilimvika katani kutoka kichwani hadi magotini na kumchongea meno ya muhogo mbichi. Kufika adhuhuri meno yalikuwa yameanza kuwa meusi, na Meneja akasema hivyo ni bora zaidi.

Bibi arusi alikuwa Auma, fundi cherehani aliyeshonea kwenye kibaraza chetu. Alikuwa na shingo ndefu na kicheko cha kuita watu kutoka barabarani. Lakini tangu msimu wa kupanda alikuwa akikohoa, na nguo alizojishonea mwenyewe zilikuwa zimeanza kumpwaya.

Meneja alisema mbele yake bila haya. "Huyu amekauka, nyar Karungu. Nani ataweka mgonjwa kwa ukuta mwaka mzima? Ukishindwa kumnenepesha, naita mwingine."

Auma alinishika mkono. "Dada, nijaze tu. Nimeshaambia mama nitakuwa kwa kalenda. Na yeye ameambia Magunga yote, kule nyumbani."

"Na hiyo kikohozi, umeenda hospitali?"

"Nitaenda tukimaliza."

Ningeweza kusema hapana, twende leo. Miaka ile tulizika watu karibu kila Jumamosi, na ugonjwa wenyewe haukutajwa. Wengine walisema ni chira, laana ya aliyevunja mwiko, na wengine walinyamaza tu. Lakini kikohozi kile kingeweza kuwa kifua kikuu, ambacho kina dawa, na hilo hata mimi nililijua. Niliona aibu kumwuliza zaidi. Na nisiwadanganye, niliitaka ile picha. Sikuwa nimewahi kumpamba mtu wa hadithi.

Tulipigia picha ufukweni, penye mafunjo. Nilimsukia taji la mafunjo nikalipamba kwa makombe ya konokono, nikamfunga vipande vya godoro kiunoni, nikamjaza pamba. Kila alipokohoa pamba ilitoka na msingi ukapasuka pembeni mwa mdomo. Mara ya tatu nikamkaripia. "Auma, wacha kukohoa! Unaniharibia uso."

Akaomba msamaha. Akakizuia kikohozi mpaka machozi yakamlenga, macho yakang'aa, na Meneja, aliyeshika kamera mwenyewe siku hiyo, akapiga hapo hapo. Sijawahi kupamba picha nzuri kuliko ile.

Filamu za rangi zilisafishiwa Kisumu. Picha ziliporudi, Auma alituma moja kwa mama yake. Hospitali hakwenda, na mimi sikumkumbusha. Kalenda ilipotoka, alikuwa ameshazikwa.

Mama yake alikuja studio na ile picha imefungwa kwenye leso. Hakulia. "Ni wewe ulimpamba?"

"Ni mimi, mama."

"Majirani zake wa huku mjini walinitumia watu mara mbili, ati msichana anaumwa, nikuje nimchukue. Nikatoa hii picha. Nikawaambia, oneni vile amenona, watu wa mji wanapenda maneno tu. Nikamaliza palizi kwanza." Akaweka kidole kwenye shavu la bintiye. "Haya mashavu ulitoa wapi?"

"Ni pamba, mama."

Kisha akanisogezea picha. "Basi itoe. Nataka ile sura alikuwa nayo."

Nilimweleza kwamba filamu ikishachukua haibadiliki, na kwamba hatukuwa na picha nyingine. Aliniacha nimalize. "Huyu mimi simjui," akasema, akaiacha mezani, akaenda.

Nilifanya kazi miaka mingi baadaye, nikapamba maarusi, wanakwaya na wagombea viti. Sikumjaza mtu tena. Meneja alininung'unikia kwamba wateja wanahama, nami nikamwambia wahame. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio kitamfichua. Hawakusema lolote juu ya anayemfichia.

Nilistaafu macho yalipoanza kufifia, nikarudi Karungu. Picha ile iko ukutani kwangu. Wasichana wanaokuja kuniuliza habari za kazi husimama mbele yake na kuuliza ni nani huyu bibi arusi mrembo hivi. Nawaambia ni Auma, fundi cherehani. Alikuwa mwembamba, nawaambia, na siku hiyo alikuwa anakohoa.